Aliyechezea U17 ya Ujerumani anaweza kuvaa jezi ya Harambee Stars?

Umeuliza hivi: dada yako ni Mkenya mzawa wa Majengo, mumewe Mjerumani, mtoto kazaliwa Ujerumani, ana miaka 18 na ameshacheza U17 ya Ujerumani (timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17) kwenye mechi za kufuzu za Ulaya; je, anaweza kuchezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya? Wengine wamekwambia ameshafungwa, yaani hawezi tena kuchezea nchi nyingine. Hajafungwa.

Timu za vijana hazimfungi mchezaji moja kwa moja. FIFA inamruhusu abadilishe shirikisho, yaani nchi anayoichezea, mara moja tu maishani, na swali kubwa ni hili: siku ya mechi yake ya kwanza ya mashindano (si ya kirafiki), alikuwa na uraia wa nchi anayoihamia? Hapa watu huogopa bure kwa sababu mtoto hana pasipoti ya Kenya. Pasipoti ni ushahidi tu. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinampa uraia yeyote ambaye mama au baba yake ni Mkenya siku anapozaliwa, popote alipozaliwa. Uraia unaokuja wenyewe kwa sheria FIFA huuhesabu tangu kuzaliwa, hata kama pasipoti imetoka jana.

Kwa hivyo kazi ni makaratasi, na kwetu Pwani ndipo mambo hukwama. Cheti cha kuzaliwa cha mama kinasema Fatma binti Ali, kitambulisho kinasema Fatuma Ali Omar, cheti cha mtoto cha kule kina jina la ndoa. Afisa akiona majina matatu, faili inarudi. Kabla ya kuomba pasipoti, nendeni kwa wakili awaandalie hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, muambatishe na cheti cha ndoa. Cheti cha Kijerumani kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Tafsiri ya shangazi haitapita.

Pasipoti ikitoka, ombi la kubadilisha hupelekwa FIFA na shirikisho la Kenya. Si mchezaji, si wakala, kwa hiyo anayewadai pesa "ampeleke FIFA" mkimbieni. Na tahadhari: ombi likishaingia, kijana haruhusiwi kuchezea timu yoyote ya taifa hadi lijibiwe. Kama bado anatamani U19 ya Ujerumani, asitie saini.

Mlango unaofunga kweli ni timu ya wakubwa. Akishacheza huko mechi ya mashindano, anaweza kuhama tu ikiwa mechi zake za wakubwa hazizidi 3 (za kirafiki zimo), zote kabla ya miaka 21, imepita miaka 3 tangu ya mwisho, na hajagusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth wetu, aliingia uwanjani na Ubelgiji Kombe la Dunia 2014 akiwa na miaka 19. Basi, yakaisha.

Kuna anayetoa mfano wa Saif Saaeed Shaheen, mkimbiaji aliyehama Kenya akakimbilia Qatar; huyo ni wa riadha, kanuni nyingine kabisa. Alikosa Olimpiki za 2004 kwa sababu Kenya haikukubali apunguziwe miaka 3 aliyotakiwa kusubiri baada ya kubadilisha uraia. Kwenye soka Ujerumani haiombwi ruhusa ya namna hiyo.