Usiuamini Mwamba Mkavu: Ushauri kwa Wahandisi Wapya wa Mafuta na Gesi

Kijana akija kwangu kuuliza kuhusu mekanika ya miamba, yaani jinsi miamba inavyobeba mzigo na kuvunjika, mara nyingi huja na jedwali: jiwe mchanga lina nguvu kiasi hiki, chokaa kiasi hiki, mwamba tope kiasi hiki. Namwomba aliweke kando kwanza. Namba hizo nyingi zimepimwa kwenye vipande vilivyokaushwa maabara, na kule chini hakuna mwamba mkavu. Maji, mafuta au gesi iliyojaa kwenye vitundu ndiyo inayousaidia mwamba kubeba mzigo, na ikipungua, mwamba wenyewe hubaki na kazi hiyo.

Mfano wangu wa siku zote ni Ekofisk, upande wa Norwei wa Bahari ya Kaskazini. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1969 na uzalishaji ukaanza 1971. Yamo ndani ya chaki, kilomita tatu hivi chini. Chaki hiyo imejengwa kwa maganda ya viumbe wadogo mno wa baharini, na mahali pengine zaidi ya asilimia 40 ya ujazo wake ni vitundu. Tabaka za juu zilikandamiza kwa takriban megapaskali 62 (megapaskali ni kipimo cha shinikizo), lakini mafuta yalikuwa yanabeba kama 48. Chaki ilibakiwa na 14 tu. Kadiri mafuta yalivyotolewa ndivyo mzigo ulivyoihamia. Kufikia 1984 ilibainika kwamba sakafu ya bahari imezama, na mwaka 1987 majukwaa yalinyanyuliwa mita 6. Hebu fikiria kunyanyua majukwaa ya chuma katikati ya bahari kwa sababu ya maganda yasiyoonekana kwa macho!

Maji ya bahari yakaanza kusukumwa ndani ili kurudisha shinikizo. Hata hivyo chaki iliendelea kushindiliwa kwa miaka mingi, kwa kuwa maji hayo yenyewe huidhoofisha pale chembe zinapogusana. Kwa hiyo aliyepima chaki iliyojaa mafuta peke yake amepima nusu ya habari.

Mwamba tope ndio utakaokusumbua zaidi wakati wa kuchoronga, maana sehemu kubwa ya visima hupita humo. Udongo wake, hasa smektaiti, hunyonya maji kutoka kwenye matope ya kuchorongea (majimaji mazito yanayozungushwa kisimani na kushikilia ukuta wake) na kuvimba, huku shinikizo likipenya polepole. Ndiyo maana ukuta wa kisima unaweza kusimama vizuri leo ukamomonyoka siku kadhaa baadaye. Usidhani dawa ni kuongeza uzito wa matope bila kikomo: ukizidisha, mwamba unapasuka na matope yanapotelea ndani. Vipande vya sampuli vifungwe kwa plastiki na nta palepale mtamboni. Kipande kilichopigwa na jua kimeshapasuka kwenye tabaka zake, wala hakuna fundi wa maabara atakayekirudisha.

Kwetu Tanzania jiwe mchanga ndilo linalotupa gesi. Ya Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo kwenye jiwe mchanga la enzi ya Kretasi. Ukishika jiwe la namna hii popote, uliza kwanza chembe zake zimeshikanishwa na kitu gani. Zikiwa zimeshikwa na madini ya kwatzi, una jiwe gumu kweli. Zikiwa zimeshikwa na udongo kidogo tu, maji yakifika mchanga utatoka pamoja na gesi na kula vali na kona za mabomba. Kisima cha hivyo hufunguliwa taratibu.

Chumvi, ambayo ipo pia chini ya bonde la Mandawa, Lindi, haivunjiki kwa haraka, hutambaa. Kwenye kina chenye joto hulifunga tundu la kisima na kubana mabomba ya kinga yanayolizunguka kwa ndani. Kipimo chake huchukua wiki nyingi, kwa hiyo usikubali majibu ya mchana mmoja.

Bajeti ikibana, punguza idadi ya vipande, usipunguze masharti ya kipimo: joto la kisimani, shinikizo la pande zote, na maji yale yale ambayo mwamba utakutana nayo. Na ripoti iseme wazi kama kipande kilikatwa sambamba na tabaka au kwa kuzikata. Kwa mwamba tope, namba isiyo na maelezo hayo mimi huirudisha maabara.