Pandisha beseni: kazi, mazoezi na maumivu ya ujauzito

Ushauri mwingi wa mazoezi kwa wajawazito huandikwa kana kwamba kila mjamzito anashinda kwenye kiti. Mwanamke wa Koboko au Iganga, hapa Uganda, anayechota maji, kulima, kufua na kupika hana haja ya kuhimizwa ajishughulishe. Kinachomuumiza ni namna kazi zenyewe zinavyofanywa: kainama, miguu imenyooka, mgongo umepinda kama upinde, na tumbo linamvuta mbele. Kwa hiyo tunaanza na beseni. Mazoezi ya mkekani yatafuata.

Mtazame mjamzito wa miezi saba akifua. Beseni liko chini, naye amesimama kainama kuanzia kiunoni. Misuli ya mgongo wa chini ndiyo inayozuia uzito wote wa mbele usimwangushe, na kwa nusu saa nzima haipati hata dakika ya kupumzika. Isitoshe, homoni iitwayo relaxini imeshaanza kulegeza kano za nyonga, kwa hiyo maungio hayashikani imara kama zamani. Jioni anasema mimba inamuuma mgongo. Mimba ina sehemu yake, lakini sehemu kubwa ni ya lile beseni.

Liweke juu ya benchi, meza kuukuu au matofali yaliyopangwa vizuri, ukingo wake ufike usawa wa kiuno chako. Weka beseni tupu kwanza, kisha ujaze maji kwa kopo. Ukilijaza chini halafu ukaliinua, hujafanya kitu. Kama hakuna pa kulipandisha, kaa kwenye kigoda, panua magoti, na beseni liwe katikati ya miguu, ulivute karibu nawe. Blanketi na mashuka mazito waachie wengine, maana kukamua blanketi lililoloa ni kusokota kiuno huku umebeba mzigo. Ufagio wa njiti nao ufunge kwenye mti unaokufika kifuani ili ufagie uwanja umesimama wima. Mama mkwe akiuliza huu ni mtindo gani, mwambie mkunga ndiye aliyesema. Husaidia.

Jerikani la lita 20 lina kilo 20 za maji, bado jerikani lenyewe. Kwa aliyezoea, kubeba kichwani si kosa. Mgongo unabaki umenyooka. Hatari iko kwenye kulipandisha, kulishusha, na kwenye utelezi wa barabara ya marumu baada ya mvua, kwa sababu tumbo limehamisha mizani ya mwili na miguu haijazoea. Beba lita 10 kwa safari mbili, au madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono. Unapoinua kitu kutoka chini, kikaribie hadi kiwe kati ya miguu yako, kunja magoti, toa pumzi unapoinuka, na ukitaka kugeuka geuza nyayo, usigeuze kiuno. Miezi mitatu ya mwisho jerikani la lita 20 si lako tena. Jembe lenye mpini mrefu ni bora kuliko fupi, na kila baada ya dakika 20 simama wima, tembea hatua chache, kunywa maji.

Anayeshinda dukani, ofisini au kwenye cherehani ana shida ya upande wa pili. Damu inakaa miguuni, nyonga zinakakamaa, choo kinakuwa kigumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu. Ni kama nusu saa kwa siku tano, na unaweza kuikata vipande vya dakika 10. Kushuka teksi (basi dogo la abiria) kituo kimoja kabla ya chako kunahesabika. Ambaye hakuwa na mazoea ya kutembea aanze na dakika 10 na kuongeza polepole wiki hadi wiki.

Mwendo wa wastani unapimwa kwa mdomo. Unapotembea uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikukatike. Ukishindwa hata kuzungumza, umezidisha. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa na maji, na viatu vilivyofungwa nyuma ya kisigino; ndala hukufanya ukaze vidole na kuburuza miguu. Kwenye vilima vya Kampala watu huogopa kupanda, ilhali kuteremka ndiko kunakogonga magoti na kinena. Ukiteremka, fupisha hatua.

Wapo wasiopaswa kuanza kabla ya kuzungumza na daktari au mkunga: anayetokwa na damu, aliyeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, aliyeshonwa mlango wa kizazi, mwenye presha ya mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na mwenye mapacha aliyeambiwa ana dalili za kuzaa kabla ya wakati.

Sasa mkeka. Piga magoti, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Toa pumzi huku ukiinua mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kidevu kikielekea kifuani. Vuta pumzi ukirudisha mgongo uwe tambarare kama meza, na uishie hapo. Wengi huubonyeza mgongo uning'inie chini, tumbo linauvuta zaidi, na wanaamka wakiwa na maumivu kuliko walivyoanza. Mara 10 asubuhi, mara 10 usiku. Viganja vikiuma, tumia ngumi. Mazoezi ya kulala chali yaache mimba ikishavuka nusu, kwani mji wa uzazi hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na unaweza kupata kizunguzungu.

Misuli ya sakafu ya nyonga ndiyo inayozuia mkojo kutoka unapokohoa au kucheka. Ikaze kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, ishikilie kwa sekunde 5, iachie kabisa kwa sekunde 5. Rudia hadi mara 10, mara tatu kwa siku. Matako na mapaja yasikaze, na pumzi isikatike. Zoezi hili usilifanyie chooni wakati unakojoa, maana kukatakata mkojo kila siku kunaweza kuacha mabaki kwenye kibofu. Kuachia ni nusu ya zoezi, kwa kuwa siku ya kujifungua misuli hiyo itatakiwa kulegea.

Kuna maumivu ambayo wengi huyavumilia kimya kwa kuwa yako mahali pa aibu: kinena, mbele kabisa ambapo mifupa ya nyonga inakutana, au nyuma juu ya matako. Yanachoma ukigeuka kitandani, ukipanda ngazi, ukisimama kwa mguu mmoja kuvaa. Kutembea zaidi ili kuyazoea huyazidisha. Kanuni ni moja, miguu yote ifanye kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vaa chupi na sketi ukiwa umekaa. Ngazi panda kidato kimoja kimoja, mguu wa pili ufike pale pale. Kitandani, bana mto katikati ya magoti, kisha geuka mwili mzima kama gogo, mabega na magoti pamoja. Ukitaka kuinuka, lala ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mikono.

Leso (khanga) husaidia sana hapa, ikifungwa ipasavyo. Ikunje kwa urefu hadi ibaki na upana wa sentimita 15 hadi 20. Ipitishe nyuma juu ya makalio, chini ya kiuno, uilete mbele chini ya tumbo, na fundo likae ubavuni. Vidole viwili vipite kati yake na mwili. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuifunga juu ya tumbo lenyewe. Hapo inabana tumbo, inaongeza kiungulia, na nyonga haijashikwa na chochote. Ifungue unapolala.

Boda boda tusiifumbie macho, watu wanaipanda. Kukaa upande kwa sababu ya gauni kunapindisha nyonga na kukuacha bila mizani breki ikishikwa ghafla. Kupanua miguu nako kunachokoza kinena. Kama kinena kinauma, teksi ni bora hata ikichelewa. Kama hakuna budi, kofia ngumu kichwani, mwendo wa polepole, na mashimo yasirukwe.

Tumboni nako kuna mambo. Homoni ya projesteroni hulegeza kilango cha juu cha tumbo na kupunguza mwendo wa utumbo, ndiyo maana kiungulia na choo kigumu hufuatana. Kwa kichefuchefu cha asubuhi, weka karibu na kitanda kipande cha mkate mkavu au muhogo uliochomwa, ule kabla ya kuinuka. Chai ya tangawizi huwafaa wengi. Lakini ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda kituoni, mwili umekauka.

Kwa kiungulia, gawa matoke na mchuzi wa karanga sehemu mbili, ule moja saa kumi na moja na nyingine saa moja jioni, badala ya sahani moja iliyojaa saa tatu usiku ukalale nayo. Ukishakula, acha zipite saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kulalia mito miwili hukunja tumbo tu. Ni afadhali kuinua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hivi.

Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi na kigumu, na hapo ndipo wengi wanaviacha kimyakimya. Choo cheusi si ugonjwa. Vimeze pamoja na chungwa au juisi ya pasheni, na chai iwe mbali navyo angalau kwa saa moja, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vikikuchafua tumbo, vimeze usiku baada ya chakula. Kwa choo ongeza maji, papai, dodo (mchicha) na uji wa wimbi. Hamu ya kula udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzuia madini ya chuma na unaweza kuleta minyoo. Iseme kliniki, hakuna atakayecheka. Emmumbwa, yaani udongo uliochanganywa na mitishamba, na dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu hatuzishauri, hata shangazi akisisitiza, kwa kuwa hakuna anayejua kipimo cha kilichomo.

Msuli wa nyuma ya mguu ukikukamata usiku, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu kuelekea kwako. Kusukuma vidole mbele huzidisha. Kisha simama, ukanyage sakafu. Miguu inayovimba jioni na kupungua asubuhi ni kawaida. Iinue juu ya mto ukiwa umelala ubavu au umeegemea. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usiukande. Huenda damu imeganda ndani, na hiyo ni safari ya hospitali. Kuanzia wiki ya 28 anza usingizi kwa ubavu, wowote ule. Ukiamka ukajikuta chali usiogope, geuka tu.

Kwenye duka la dawa ukisema mgongo unauma, ni rahisi kupewa diclofenac au ibuprofen. Taja kwanza kwamba una mimba. Dawa hizo, hasa baada ya wiki ya 20, zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto. Paracetamol ndiyo inayokubalika, kwa kiasi kidogo na siku chache. Homa usiinyamazishe kwa vidonge ukalala; pima malaria siku hiyo hiyo.

Acha kila kitu na uende kituoni ukiona damu, maji yakivuja ukeni, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, degedege, kifua kikibana, au uchungu wa kukaza na kuachia kabla ya wakati. Baada ya wiki ya 28, mtoto akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, nenda leo, usimsubiri hadi kesho.

Jua mapema utakwenda wapi. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kinazalisha, lakini chumba cha upasuaji kimekusudiwa kuanzia ngazi ya nne. Kadi ya kliniki ikae mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani anapajua, nauli iwekwe kando tangu mwezi wa saba, na uwe na namba za madereva wawili wa magari ya kukodi. Wa kwanza huwa amezima simu.