Swali la lugha: Je, Peter Mkuu "alitaifisha" Kanisa la Othodoksi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma historia, kwenye insha nimeandika "Peter Mkuu wa Urusi alitaifisha Kanisa la Othodoksi". Mwenzangu kakataa, anasema iwe "alilitiisha kwa serikali". Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba. Wote mmegusa kitu ila ningezirekebisha sentensi zote mbili.

Kutaifisha ni kuchukua mali na kuifanya ya taifa, Tanzania tunalijua vizuri hili neno toka 1967 mabenki yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Sasa angalia Peter alifanya nini. Patriaki Adrian, yani mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi, alipofariki 1700 Peter hakuruhusu achaguliwe mwingine, kiti kikakaa wazi miaka 20 na zaidi, halafu 1721 akakifuta kabisa akaweka baraza la viongozi wa dini, yani Sinodi, kwa kanuni zilizoandikwa na Askofu Feofan Prokopovich. Na wajumbe wa baraza hilo walikula kiapo kwamba hakimu wao wa mwisho ni tsari (mfalme wa Urusi) mwenyewe, askofu mzima anaapa hivyo kisha anabusu Injili na msalaba! Mwaka 1722 makasisi wakaamriwa kwamba mtu akiungama kuwa ana mpango wa kumdhuru mfalme na hataki kuuacha, waende wakamripoti. Mimi hiyo ya kitubio ndo inaniuma kuliko zote, maana mtu pale kaja kuongea na Mungu wake. Sasa hapo kilichochukuliwa ni mamlaka, sio mali, kwa hiyo andika "aliliweka Kanisa chini ya dola".

Kwa nini dola na sio serikali? Serikali ni wale wanaoongoza kwa wakati flani, dola ni mfumo wote, kiti cha enzi, jeshi, mahakama, sheria. Peter aliliingiza Kanisa kwenye mfumo, ndo maana likabaki humo karibu miaka 200 huku watawala wanabadilika tu.

Kutiisha nako ni kumfanya anayepinga atii, na linamfaa zaidi baba yake Peter, Tsari Alexei, aliyegombana na Patriaki Nikon mpaka Nikon akavuliwa cheo 1666 na baraza walilohudhuria mapatriaki wa Antiokia na Aleksandria (huyu wa Aleksandria ndo kiti ambacho Waothodoksi wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini yake). Peter yeye hakuwa na patriaki wa kushindana naye. Tena ukilitumia sema "alimtiisha", basi, hiyo "kwa serikali" haina kazi.

Kuna kosa lingine nakutana nalo sana, cheo cha oba-prokurori kutafsiriwa "mwendesha mashtaka mkuu". Hapana jamani. Huyu hakushtaki mtu mahakamani, alikaa na Sinodi kama jicho la tsari, na wa kwanza, Ivan Boltin, 1722, alikuwa kanali wa jeshi. Konstantin Pobedonostsev aliyeshika cheo hicho 1880 hadi 1905 hakuwa hata kasisi lakini maaskofu walimwogopa. Andika "msimamizi mkuu wa Sinodi", mtu ataelewa.

Sasa lile neno lako la kutaifisha usilitupe. Mwaka 1764 Catherine wa Pili, malkia wa Urusi, alichukua mashamba ya Kanisa na nyumba za watawa pamoja na wakulima wanaume zaidi ya 900,000 wasioruhusiwa kuihama ardhi hiyo, na Kanisa likaanza kulipwa toka hazina. Hapo sema alitaifisha, hakuna atakayekubishia. Halafu 1917 upatriaki ukarejeshwa, akachaguliwa Tikhon, ila usiandike "Kanisa likapata uhuru" ukaishia hapo, maana Januari 1918 Wabolsheviki, yani wakomunisti walioshika madaraka, walitenga Kanisa na dola na wakati huohuo wakatangaza mali yake yote kuwa ya umma, mpaka majengo ya ibada, waumini wakawa wanapewa kuyatumia tu.