Theluji Hutandaza Rangi, Joto Ndilo Huishikisha

SWALI: Mhariri, nakusalimu kutoka Minneapolis, Marekani, nilikohamia na familia yangu kutoka Mombasa. Majira haya ya baridi nimejaribu kutia rangi mtandio mweupe na foronya mbili kwa kutumia theluji. Nilivikunjakunja vikiwa vimelowa maji ya magadi, nikavifunika kwa theluji, nikanyunyiza unga wa zambarau na wa feruzi, kisha nikaliacha beseni gerejini. Theluji ilipokwisha kuyeyuka nilisuuza papo hapo. Feruzi yote ilikwenda na maji, zambarau ikabaki waridi iliyofifia, na foronya moja haikushika rangi hata kidogo. Je, theluji ndiyo yenye kasoro? Na je, naweza kutumia rangi za batiki nilizoletewa kutoka Dar es Salaam? – Msomaji wa kike, Minneapolis

JIBU: Dada yetu, theluji yako haina kasoro yoyote. Kilichokosekana ni joto, na muda wa kuliacha joto hilo lifanye kazi. Rangi za kazi hii, ambazo kopo lake mara nyingi huandikwa Procion MX, ziliingizwa sokoni mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza, na ubora wake ni kwamba haziupaki uzi kwa juu tu, bali huungana na pamba kikemikali hata zikawa sehemu yake. Muungano huo unahitaji magadi, na unahitaji joto la nyuzi 21 za Selsiasi au zaidi. Maji yanayotoka kwenye theluji yana ubaridi unaokaribia sifuri, na katika ubaridi huo rangi hutembea vizuri lakini hushika polepole mno. Kwa hiyo theluji inapokwisha, kushika kwa rangi ndiko kwanza kunaanza, nawe ulisuuza saa hiyohiyo. Feruzi ndiyo iliyoumia zaidi kwa sababu katika jamii hii ya rangi ndiyo inayochelewa na kudai joto kuliko nyingine.

Zambarau nayo si rangi moja, bali ni unga wa waridi kali uliochanganywa na wa buluu. Waridi hutangulia kushika kuliko buluu hata penye ubaridi, ilhali buluu hutangulia na maji na kusafiri mbali kabla ya kutulia. Kwa maoni yangu huu ndio uzuri wenyewe wa kazi ya theluji, ambao beseni la rangi iliyokorogwa haliwezi kuutoa. Ukiinama na kutazama theluji ikiwa imeyeyuka nusu, utaona chembe moja ya unga imezama na kuchimba kishimo chenye ukingo wa waridi, na chini yake mkondo mwembamba wa buluu ukitambaa kufuata mkunjo wa kitambaa. Ukiipa buluu hiyo joto la kutosha itabaki ilipofika; usipoipa, itabaki waridi peke yake, kama ulivyoona.

Safari ijayo, yeyusha kikombe kimoja cha magadi ya kutilia rangi, yaani kaboneti ya sodiamu, katika lita 4 za maji ya uvuguvugu, ukiwa umevaa glavu, na uloweke kitambaa kilichofuliwa kwa dakika 20. Kikamue, kikunjekunje, kisha kiweke juu ya wavu wa waya uliokaa juu ya beseni, ili kisije kikaogelea katika maji ya rangi zote zilizochanganyika, kwa kuwa maji hayo hugeuka tope na kuharibu michoro. Rundika theluji mpya kwa kimo cha sentimita 8 hadi 10, unyunyize unga juu yake, na uliingize beseni ndani ya nyumba. Baada ya theluji kwisha, funika kitambaa kwa plastiki kisikauke, ukiache chumba chenye joto kwa saa 24 nyingine. Ndipo usuuze kwa maji baridi hadi magadi yatoke, na umalizie kwa maji ya moto sana na sabuni, kwa maana rangi ambayo haikushika hutoka kwa maji ya moto tu.

Nakusihi uvae barakoa unapofungua makopo. Unga huu ni mwepesi, hupeperuka, na mtu anayeuvuta mara kwa mara anaweza kupata mzio wa njia ya hewa usioisha. Beseni, wavu na vijiko vilivyotumika visirudi jikoni kamwe.

Kuhusu foronya iliyokataa, nashuku ni poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Rangi hizi haziwezi kushika poliesta.

Rangi zako za batiki zihifadhi kwa kazi yake. Nyingi kati ya zile zitumiwazo Dar es Salaam huyeyushwa kwa maji ya moto pamoja na kostiki soda na haidrosulfaiti, kemikali inayosaidia unga huo kuyeyuka, na bila maandalizi hayo unga wake utakaa tu juu ya theluji. Kostiki soda huunguza ngozi na macho. Usiitumie kamwe badala ya magadi.

SWALI: Huku kwetu hakuna theluji. Je, barafu ya friji na magadi ya kupikia vitafaa? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Barafu inafaa. Vipande vikubwa hutoa mabaka mapana, na ukitaka michoro midogo inayokaribia ya theluji, vifunge kwenye taulo uvipondeponde. Magadi ya kupikia, hapana: hayo ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na nguvu yake haitoshi. Tafuta kaboneti ya sodiamu iliyokwisha kusafishwa, ambayo huzalishwa hukohuko kwenu Ziwa Magadi na hupatikana kwa wauzaji wa malighafi za sabuni. Na kwa kuwa baridi ya Nairobi mwezi wa Julai hushuka chini sana ya nyuzi 21, barafu ikishayeyuka kifunge kitambaa ndani ya plastiki nyeusi na ukiweke juani mchana kutwa kabla ya kukisuuza.