Babu ni neno la nani? Na mbona jirani anamwita babu yake "dada"?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, nalifupisha kidogo tu:

"Assalaam aleykum mwalimu. Mwanangu ana miaka saba, anacheza na watoto wa jirani zetu Wagujarati. Juzi karudi nyumbani anacheka mpaka machozi, ati wale watoto wanamwita mzee wao 'dada' na ni mwanamume ana ndevu nyeupe. Mume wangu akasema hata hili babu letu ni la Kihindi, wifi yangu akasema la, ni la Kiarabu kama maneno mengine, na watoto wa dadangu aliyeolewa Nyeri wao husema guka. Sasa letu limetoka wapi? Na jengine, mwalimu wake wa shule amemkata maksi kwenye insha kwa kuandika 'babu yangu', ati ni 'babu wangu'. Nani yuko sawa?"

Waaleykum salaam dada yangu. Mpe mtoto pole ya maksi zake, hiyo ntaifikia. Tuanze na kicheko chake manake ndani ya kicheko hicho mna somo zima.

Kwa Kigujarati, na Kihindi pia, dada ni baba wa baba, na mkewe ni dadi. Baba wa mama ana jina lake mbali, yeye ni nana, na mkewe nani. Kwa hivyo wale watoto wakisema dada ushajua ni mzee wa upande gani, huna haja ya kuuliza. Sisi dada ni ndugu wa kike, na nana hapa pwani zamani lilikuwa neno la kumuita mwanamke kwa heshima, bi mkubwa mwenye nyumba yake. Sasa vuka bahari uende Bukini, yaani Madagaska, dada huko ni baba mzazi, na babu ni dadabe, lile "be" maana yake kubwa. Nenda Uturuki babu ni dede. Urusi ni ded, wakimdekeza wanasema dedushka. Na ukifika Georgia, ile nchi iliyo chini ya milima ya Kaukasi, ndo kichwa kitazunguka kabisa, kwa sababu kule mama ndo baba, deda ndo mama, na babu wanamwita babua. Babua! Na hakuna jahazi la Mombasa lililowahi kwenda kuwauzia neno hilo, wala wao hawakuja Bandari ya Kale kutuletea.

Sababu ni mdomo wa mtoto mchanga. Mtoto anapoanza kutoa sauti huanza na zile nyepesi, za midomo kugusana, m na b na p, na za ulimi kugonga nyuma ya meno, d na t na n, akizirudiarudia na irabu ya a, mamama, bababa, dadada. Yeye hamuiti mtu, anacheza tu, lakini watu wazima waliomzunguka kila mmoja anataka kuitwa yeye, basi wanazigawana zile sauti, wewe chukua hii mimi nachukua hii. George Peter Murdock, mwanaanthropolojia, mwaka 1959 alitoa mkusanyo wa maneno ya mama na baba kutoka lugha nyingi za dunia, 531 ya mama na 541 ya baba, na Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha, akayaeleza: zaidi ya nusu ya maneno ya mama yana sauti za puani kama m na n, na ya baba ni machache tu yaliyo nazo. Zinazobaki mezani huwaangukia babu na nyanya, na mgao huo kila kabila limefanya kivyake. Warusi kwa mfano, baba kwao ni nyanya, bibi mzee, ndo hiyo babushka.

Ndo maana mimi huwa naogopa sana mtu akinambia neno fulani la ukoo ni la watu fulani kwa sababu tu yanafanana. Kwa maneno mengine kufanana ni ushahidi mzuri, kwa haya ya mama, baba na babu si ushahidi hata kidogo mpaka ulete na kitu chengine.

Tumjibu bwana sasa, kwa heshima yake. Ni kweli Wahindi wana neno babu, wala hakulitunga. Lakini kwao si baba wa baba. Ni neno la heshima, kama sisi tunavosema bwana au mzee, na wakati Waingereza wanatawala India likawa jina la karani wa ofisini anayejua kuandika Kiingereza. Kama tungelichukua kwao basi tungelichukua na kazi yake ya ukarani, au angalau ubwana, haliwezi kupanda meli lina maana moja likashuka Kilindini lina maana ya mzazi wa mzazi bila sababu. Afu tazama upande wetu wenyewe. Baba limejaa kwenye lugha za Kibantu, Wazulu wana ubaba, Washona baba, Wakikuyu baba, wengine hao wako bara kabisa. Ukiwa na baba kila upande, babu liko hapo mlangoni, halihitaji kusafirishwa kutoka ng'ambo. Mimi naliona ni mwana wa nyumbani.

Wifi naye ana hoja, manake ukoo kwetu una maneno ya Kiarabu kweli. Ami ni la Kiarabu, binamu ni bin na ami yaani mtoto wa ami. Hata bibi si la Kibantu, ni la Kiajemi, lilikuwa la kumuita mwanamke wa heshima kabla hatujalipa kazi ya mke na ya nyanya. Lakini babu kwa Kiarabu ni jadd. Na hilo neno lilikuja, ulilitumia pengine wiki hii hii! Ni jadi. Ngoma za jadi, dawa za jadi, jadi yake ni ya Lamu. Lilifika likakuta kiti cha babu kina mwenyewe, basi likaenda kukaa nyuma yake, kwa wazee wote waliotangulia na mambo waliyotuachia. Hapo napenda sana jinsi lugha ilivofanya, haikumfukuza mgeni wala haikumtoa mwenyeji. Wareno nao wana avô, na avó kwa nyanya, tofauti ni irabu moja tu ya mwisho, na walikaa hapa muda, Ngome ya Yesu walianza kuijenga 1593 na Waomani wakaiteka 1698. Walituachia meza, leso na gereza. Avô wakaondoka nayo.

Guka la Nyeri ni la ukoo mwengine kabisa. Wabukusu wanasema kuka, wasemaji wa Kilingala wana koko, Wangazija na Wamaore hapo visiwa vya Komoro koko ni nyanya na babu ni bakoko. Ukiyapanga pamoja unaona ni jamaa wa shina moja la kale sana la Kibantu. Kwa nini Wakikuyu wana g mwanzo? Ni sheria ya sauti, inaitwa sheria ya Dahl: k ikifuatwa na silabi yenye sauti kavu kama t au k nyengine, inalainika. Kiti kwao ni gĩtĩ lakini mlima ni kĩrĩma, umeona k imebaki hapo. Basi kuka ikawa guka. Na ukienda Kaloleni au Kwale utaskia tsawe, ukienda kwa Wajaluo ni kwaro, kwa Wasomali awoowe. Mombasa hii mtaa mmoja unaweza kuyaskia yote kabla ya adhuhuri.

Kuna njia ya pili ya kupata jina la babu, nayo haimhitaji mtoto mchanga. Watu wazima wanachukua neno la baba wanalibandika ukubwa au uzee. Dadabe wa Bukini ndo huyo. Mzulu anasema ubabamkhulu, Mwajemi pedarbozorg, Mturuki ukiacha dede ana büyükbaba, Mjerumani Großvater, Mfaransa grand-père, na Mwingereza akaiga kwa Mfaransa nusu neno, ile grand, akaiunganisha na father wake mwenyewe, zamani alikuwa na ealdefæder, baba mzee. Waairishi mpaka leo ni seanathair, baba mzee vilevile. Sasa hapa sisi tuwe makini, kwa sababu baba mkubwa tunaye lakini ni kaka yake baba. Mzulu wa Durban ukimwambia baba mkubwa wako amefika na baiskeli atashangaa nguvu za mzee.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya neno ambalo mwanao analitamka kila siku na hajui kuwa ndani yake mna babu. Anko. Ndiyo, hili la tuktuk, "anko nishukishe hapo". Limetoka kwa Kiingereza uncle, uncle ikatoka kwa Kifaransa oncle, oncle ikatoka kwa Kilatini avunculus. Na avunculus maana yake ni kababu, babu mdogo! Manake babu kwa Kilatini alikuwa avus, ndo huyo aliyezaa avô ya Wareno na abuelo ya Wahispania. Warumi hawakuwa wakimuita hivyo kila kaka wa mzazi, la, avunculus alikuwa kaka yake mama peke yake, mjomba hasa. Kaka yake baba alikuwa na lake, patruus. Kama sisi tu, mjomba mbali na ami mbali. Kwa nini mjomba aitwe babu mdogo? Watazame Washona wa Zimbabwe, sekuru ni babu, na sekuru huyohuyo ni kaka yake mama. Kwa hesabu yao mjomba anasimama mahali pa baba yake, babu akiondoka mjomba ndo yupo, basi jina ni moja. Hakuna Mrumi aliyewafundisha hayo.

Baadae patruus akapotea, neno la mjomba likabebeshwa kazi zote mbili, na ndivo lilivotufikia. Kwa hivyo kijana wa Mombasa anaposema anko kwa mjomba na kwa ami na kwa dereva, anatumia neno lililowahi kujua tofauti ile ile ambayo lugha yake ingali nayo. Inaniuma kidogo, ntakwambia ukweli. Kwa dereva sina neno, lakini nyumbani wafundishe mjomba na ami, wayajue.

Upande wa babu lakini sisi hatutenganishi. Msweden ana farfar, baba wa baba, na morfar, baba wa mama. Mchina ana neno "yeye" kwa wa upande wa baba na wa upande wa mama anamwita waigong, na lile wai maana yake ni nje. Wa nje! Kwetu wote wawili ni babu, ukitaka kubainisha unasema babu mzaa baba na babu mzaa mama, na hakuna anayewekwa nje. Hilo silibadilishi na lugha yoyote. Na kwetu pwani neno hili linakwenda na kurudi, mzee ni babu kwa mjukuu, na mjukuu wa miaka miwili aliyepewa jina la mzee naye anaitwa babu, wazazi hawataki kulitaja lile jina kavukavu wakiwa wanamgombeza. Nyanya vilevile, na sisi wa Mombasa hatuna ile shida ya bara ya nyanya wa nyumbani na nyanya wa sokoni kwa sababu wa sokoni tunaziita tungule.

Haya, maksi. Mtoto yuko sawa, ni babu yangu. Baba, mama, dada, kaka, babu, nyanya, maneno haya hayana m- ya mbele kama mtu na mtoto, umbo lake ni la nyumba na kalamu, basi kimilikishi kinafuata umbo: babu yangu, na wakiwa wawili babu zangu. Lakini kitenzi kinajua kuwa huyu ni mtu, kwa hivyo babu yangu amefika, babu zangu wamefika, babu huyu, babu mzee. Mjomba na mjukuu wana m- yao, ndo maana mjomba wangu, mjukuu wangu, na pengine hapo ndipo mwalimu alipochanganya. Mtu wa hapa akifupisha anasema babuye, hiyo pia ni safi ingawa kwenye insha ya shule aandike babu yake wasije wakamkata tena. Na atofautishe babu zetu, wale wazee wawili anaowajua na kuwabusu mikono siku ya Idi, na mababu zetu, hao wa jadi ambao hatukuwakuta.

Akiuliza juu ya jirani, mwambie aende amsalimie "Kem cho, Dada", kwa adabu, kama wanavomuita wajukuu wake. Mzee atafurahi.