Maswali na majibu: "Nipo." Upo wapi?

Kuna falsafa ya Kiafrika kweli, au ni methali tu zilizovishwa joho?

Methali peke yake haitoshi, maana zenyewe zinabishana: moja inasema haraka haraka haina baraka, nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Falsafa inaanza unapotakiwa kuamua kati yao na kutoa sababu. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee wa Kenya akawatenga mafungu mawili: wanaozijua mila na kuzisimulia vizuri, na wanaozijua kisha wakazihoji. Fungu la pili ndilo alilolihesabu kuwa la wanafalsafa.

Mhadhiri wetu alianza somo na padri Mbelgiji, Placide Tempels. Huo si ukoloni uleule?

Nusu yake ndiyo. Kitabu chake cha 1945, Kongo ikiwa bado mikononi mwa Ubelgiji, kilikiri kwamba Wabantu wana falsafa, jambo ambalo Wazungu wengi hawakutaka kulisikia. Ila aliwaandikia wakoloni wenzake, na akaona kazi ya kuieleza falsafa hiyo ni yao, si ya wenye nayo. Paulin Hountondji wa Benin akauliza: mnasema "Wabantu wanaamini", ni Mbantu yupi huyo, nami nimbishie? Swali hilo, kwangu mimi, lina uzito kuliko kitabu kizima cha padri.

Naomba mfano mmoja wa kuondoa ukoloni katika fikra. Nimechoka na nadharia.

Kwasi Wiredu wa Ghana alishauri hivi: chukua tatizo ulilofundishwa kwa lugha ya mkoloni, ulifikirie upya kwa lugha yako, uone kama bado ni tatizo. Mwenyewe alijaribu kwa Kiakan, lugha ya Waakan wa Ghana. Nasi tujaribu kwa Kiswahili.

Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, alisema, "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Alipofika hapo alikuwa ameshatilia shaka kila kitu: mwili wake, dunia, mahali popote pale. Sasa litazame neno "nipo". Hiyo -po ni ya mahali, ndugu yake -ko na -mo. Mtu akikuambia "nipo" kwenye simu, unamuuliza "wapi?" Descartes wa Kiswahili anajithibitisha kuwa yupo kabla hajakubali kwamba kuna mahali pa kuwapo! Akijaribu kukwepa kwa kusema "mimi ni", tunabaki tunasubiri amalizie: ni nani?

Je, tumemshinda? Hapana, na Wiredu asingekuruhusu ushangilie mapema. Hoja inayosimama kwa lugha moja tu na kuanguka kwa nyingine aliitilia shaka, iwe ya Mfaransa au ya Mwakan. Lugha yako nayo yaweza kukudanganya. Tulichopata ni kujua kwamba swali tulilopewa kama la binadamu wote huenda lilibebwa na sarufi ya watu fulani.

Eti Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao?

Hayo ni ya John Mbiti, msomi wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969, aliyeazima maneno yetu "sasa" na "zamani" na kudai kwamba wakati ujao wa mbali haukuwamo katika fikra za jadi. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alimpinga kwa ushahidi wa Kiakan. Mimi namuuliza Mbiti: aliyetunga keshokutwa, kisha mtondo na mtondogoo kwa siku zinazoifuata, alikuwa akihesabu nini?

Lakini "falsafa" lenyewe si neno letu.

Ni la Kigiriki, limetufikia kwa mkono wa Waarabu, ambao nao hawakulirudisha. Halinikoseshi usingizi. Kinachonikera ni kwamba Wiredu, Hountondji na Oruka waliyaandika haya kwa Kiingereza na Kifaransa, na mpaka leo msomaji wa Kiswahili anayapata kwa kusimuliwa, kama hivi.