Muulize Aliyeona: Kwa Wahudumu Wapya wa Afya ya Jamii Kisumu

Mara nyingi ukifika ulikoitwa, iwe Nyalenda, Manyatta au kule Riat, aliyezirai utamkuta ameshaketi, anakunywa chai, na haya zimemjaa usoni. Unapima presha, iko sawa. Unapima sukari, iko sawa. Jamaa wanakutazama kama mtu aliyekuja bure. Wenzangu mlioingia kazini juzi, hapo ndipo kazi inapoanza. Mkoba mliopewa, huu ambao serikali ilianza kuugawa 2023 ukiwa na mashine ya presha na kipimo cha sukari, unaonyesha hali ya mtu sasa hivi. Alivyokuwa nusu saa iliyopita wanajua waliomwona akianguka.

Kwa hiyo mtafute shahidi kwanza. Mgonjwa mwenyewe hukumbuka kizunguzungu, kisha sakafu. Mama mboga wa kando ya njia, mtoto aliyekuwa akicheza pale, kijana wa bodaboda, hao ndio wenye habari. Alikuwa amesimama, ameketi, amelala au anakimbia? Alilalamika jambo lolote kabla? Alianguka ghafla, au aliteleza polepole? Alipoamka, aliwatambua watu mara moja? Kuhusu muda usitegemee sana saa za watu. Mtu akianguka mbele ya jamaa zake, kila sekunde ni ndefu, na utaambiwa "nusu saa" kwa jambo la dakika moja. Waulize walifanya nini wakati huo: walimfungua shati, wakaleta maji, wakaita jirani? Hapo utapata muda wa kweli.

Kuzirai maana yake ubongo umekosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Mwili ukilala chini damu inarudi kichwani, na mtu anaamka, kwa kawaida ndani ya dakika moja au mbili. Asiyeamka katika muda huo ana jambo jingine: sukari iliyoshuka, malaria kali, kiharusi, sumu, pigo la kichwa. Huyo usianze kumhoji, tafuta gari.

Wengi mtakaoitiwa watakuwa wale wa kuzirai kwa kawaida. Mwanafunzi aliyesimama gwaride bila kunywa uji. Mwombolezaji aliyekaa juani tangu asubuhi kwenye matanga. Kijana aliyeona damu, au aliyechomwa sindano. Mishipa hulegea, moyo hupunguza mwendo, presha huanguka. Dalili hutangulia: kichefuchefu, jasho baridi, masikio kuvuma, macho kuingia giza. Mfundishe mtu huyo kuzitambua. Zikija, alale chini au achuchumae hapo hapo, apishanishe miguu na kukaza misuli ya mapaja, asijikaze kisabuni kusimama eti watu watamcheka. Akishaanguka, mlazeni chali, inueni miguu, legezeni nguo, na umati usogee. Tabia ya kumnyanyua na kumkalisha kitini ndiyo inayonikera kuliko zote, maana mnaizuia damu ile ile inayotakiwa kichwani. Wala msimtilie maji mdomoni kabla hajaamka vizuri. Mama mwenye mimba kubwa alazwe ubavu wa kushoto, kwa sababu akilala chali tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Kundi la pili ni wanaoanguka wakisimama. Mzee ameamka usiku kwenda choo, ghafla yuko chini. Hapa mashine yako ina kazi, lakini ukimpima akiwa ameketi hutaona kitu. Mlaze dakika 5, pima. Msimamishe, pima baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3, huku mtu amemshika. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata jibu. Kisha ombeni mfuko wa dawa, wote, umwagwe mezani. Dawa za presha, za kukojoza, za tezi dume. Kuharisha na kutapika pia hukausha mwili hadi presha ikaanguka mtu akisimama. Kuna swali moja ambalo mzee hulijibu mkiwa peke yenu tu, nalo ni la dawa za nguvu za kiume. Zikichanganyika na dawa fulani za moyo, hasa zile za kutuliza maumivu ya kifua, hushusha presha kwa hatari. Usimpe mzee ushauri wa kuacha dawa yoyote; mpeleke zahanati na mfuko wake.

Mgonjwa wa kisukari aliyemeza vidonge au kudunga insulini kisha akakosa chakula, sukari yake huweza kuwa chini ya 3.9 mmol/L. Akiwa macho na anameza, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji, umpime tena baada ya dakika 15. Kama vidonge vyake ni glibenklamidi, aende hospitali hata akijisikia mzima, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena usiku wakati nyumba nzima imelala.

Sasa wale wa kupelekwa bila kujadiliana. Mwanamke wa umri wa kuzaa aliyezirai na tumbo linamuuma, muulize hedhi yake ya mwisho, na umuulize faraghani. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi hupasuka na kuvuja damu ndani, na nje huenda pakawa pakavu. Mwenyewe huenda hata hajui kama ana mimba. Maumivu yakipanda hadi begani, usingoje gari la bei nafuu.

Aliyeanguka akikimbia, akicheza mpira au akibeba mzigo, moyo ndio mshukiwa wa kwanza. Wapenzi wa mpira watamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon mwezi Juni 2003 bila kuguswa na mtu, akafa; moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa misuli. Kwa vijana wetu kuna pia moyo ulioharibiwa vali na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka akiwa amelala au ameketi, aliyehisi moyo ukipiga mbio au kifua kikibana, asiyepata dalili yoyote kabla, na aliye na ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Hao wote wanahitaji kipimo cha umeme wa moyo, siku hiyo hiyo. Ukiambiwa zahanati haina, waelekezwe hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia. Asiyepumua kabisa, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akipiga 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Kifafa kitawachanganya. Hata aliyezirai tu huweza kutikisika mikono kwa sekunde chache, na hata kujikojolea. Tofauti iko baadaye: wa kifafa huamka amechanganyikiwa kwa muda mrefu, na mara nyingi ulimi umeng'atwa pembeni. Kijiko mdomoni hapana. Degedege likipita dakika 5, ni dharura.

Huku kwetu kando ya ziwa usisahau damu. Malaria na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, huipunguza, hasa kwa watoto. Funua kope ya chini, tazama viganja. Vikiwa vyeupe, mpeleke hospitali. Kinyesi cheusi kama lami kwa mtu mzima ni damu inayovuja tumboni. Na kama waliozirai ni wawili ndani ya nyumba moja, toa jiko la makaa nje kabla ya swali lolote, maana hewa yake ni sumu.

Barua ya rufaa isiwe na neno "alizirai" peke yake. Andika alikuwa akifanya nini, dakika ngapi, dawa gani anameza, vipimo vyako na saa ulizopima. Weka pia namba ya simu ya shahidi kwa idhini yake, kwa maana daktari atatamani kumuuliza, naye hatakuwa kwenye foleni. Kisha umwambie mgonjwa ambaye chanzo chake hakijajulikana asiendeshe bodaboda, asipande paa wala mti, na kama ni mvuvi, asiingie ziwani mpaka aonwe. Hili la mwisho litakuletea ubishi, kwa sababu ndilo linalogusa chakula cha nyumbani. Zungumza na mkewe au kaka yake pia, ijulikane mapema nani atashika mtumbwi wiki hiyo.